Kulinganisha Masomo ya Ornella

Kosa lilikuwa langu, nakubali. Nilimwambia bwana yangu Ignace alinganishe masomo mawili, ya mutaa wa Nguba na ya mutaa wa Muhumba, tuone mutoto ataanzia wapi. Huku Bukavu, masomo ni pale mutoto anaenda na begi mugongoni. Lakini ku iniversite, kwenye Ignace anafundisha uchumi, masomo ni vile vikundi vya wachumi, kila kimoja na njia yake ya kufikiri, na kazi yake ni kuvilinganisha. Ningesema "chagua", leo mutoto angekuwa anaingia mwaka wa pili.

Alianza na wale wanaoshika ukweli mumoja usiopingwa na kushuka nao ngazi kwa ngazi. Kila muzazi anamutakia mutoto wake mazuri. Basi kwenye wazazi wanasongamana ndiko kuzuri. Muhumba. Nilifurahi, mujinga mimi.

Kesho yake akasema ile ni akili ya kukaa kwenye kiti, wachumi wa historia wanatoka inje kutafuta yaliyotokea. Akatafuta matokeo ya eksame ya miaka ishirini. Nguba. Halafu wakaja wale wa desturi, wanaosema hesabu peke yake haitoshi, uangalie mazoea ya watu. Akasimama asubuhi tatu ku mulango wa masomo ya Nguba, akiandika nani anasalimia nani. Sentineli anayelinda pale akamuuliza kama anatafuta kazi.

Septemba ya kufungua masomo ikapita. Ornella akabaki nyumbani mwaka muzima, kila asubuhi akiangalia wenzake wakishuka bila yeye. Ilinichoma, sifichi. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo lilikuwa langu.

Mwaka huu, siku ya mwisho ya kuandikisha, nilimukuta Ignace mezani na karatasi zake. Nikamuuliza amefika wapi.

"Tukisema vitu vingine vyote vinabaki vile viko, Mama Ornella," akajibu kwa upole, "Nguba inapita kidogo."

"Mutoto habaki vile yuko, Papa Ornella," nikamujibu baba yake.

Nikamuita Ornella, nikamuvalisha sketi ya bulu ya masomo niliyomununulia mwaka jana, ambayo hajaivaa hata siku moja. Haikufunga. Nilivuta, mutoto akavuta tumbo ndani, haikufunga. Ignace aliangalia kile kifungo muda murefu, na kwa mara ya kwanza hakuandika kitu. Akavaa viatu, akamushika mutoto mukono, tukashuka Nguba kwa miguu.

Sista anayeongoza masomo akatoa fishi ya kuandikisha, akauliza kwa nini mutoto wa miaka saba anaanza mwaka wa kwanza. Ilikuwa vita? Ugonjwa? Siku hizi anawapokea wengi wa namna hiyo, huruma ilikuwa tayari usoni. Ningeweza kumusaidia Ignace pale. Nilimuachia swali lake.

"Hapana, sista," akasema. "Ni mimi."

Sista akamuangalia, akainama, na mahali pa sababu ya kuchelewa akaandika neno moja: papa.