Safa Ipo Uani, Marwa kwa Jirani

Juzi nilipiga vigelegele ofisini, peke yangu, mchana kweupe, wenzangu wakadhani nimepandishwa cheo. Wapi! Nilikuwa nimefungua simu nikakutana na ukurasa wa mswada wa Kiislamu wa karne nyingi zilizopita, ule wa kuwaelekeza mahujaji. Msikiti wa Makka umechorwa kama anavyouona ndege aliye juu: minara imelazwa chali, taa zinaning'inia, Kaaba katikati, na kila mahali patakatifu pameandikwa jina lake kwa wino mwekundu na dhahabu. Jamani, picha hiyo naijua! Nimecheza ndani yake.

Bibi yetu alikuwa Msukuma wa Magu, aliyesilimu alipoolewa Mwanza. Mwaka ambao wanawe walikubaliana kumpeleka Hija, nyumba nzima ilishangilia isipokuwa yeye. Safari yake kubwa kuliko zote ilikuwa ya kivuko, kwenda Sengerema, na huko nako aliwahi kupotea sokoni. Kusoma hajui, Kiarabu cha kuulizia njia hana. "Nitapotelea huko," alikuwa akisema huku akipepeta mchele, "mtaletewa ndala tu."

Mwalimu wetu wa madrasa ndiye aliyemletea fotokopi ya mchoro kama ule, nyeusi tii. Akamweleza kwamba zamani, kabla ya kamera, waliofika Makka waliwachorea wenzao, ili asiyejaliwa kwenda aone na anayekwenda asipotee. Bibi aliinamia karatasi ile, akaigeuza huku na huku. Kisha akaagiza aletewe majivu ya jikoni.

Ungeona raha yake! Ua mzima ukawa Makka. Bibi alichora milango kwa majivu, Kaaba ikawa mraba ambao hakuna aliyeruhusiwa kuukanyaga, mtungi wa maji ukawa Zamzam, na sisi wajukuu, midomo imejaa michembe ya viazi vitamu na karanga, tukawa mahujaji. Harufu ya dagaa walioanikwa ilikuwa ikitufikia kutoka mwaloni, kando ya ziwa, lakini nani alikuwa na habari nayo?

Siku ya kwanza Bibi akanisimamisha penye jiwe la kufulia. "Hapa ni Safa. Sasa nenda mpaka Malwa, urudi." Basi nikatimua mbio! Nikatoka uani, nikavuka njia ya ng'ombe, nikaingia kwa Marwa. Wewe uliyekulia Mwanza umeshaelewa: jirani yetu muuza maziwa alikuwa Mkurya, na kwa Wakurya akina Marwa wamejaa tele, ila Bibi kwa ulimi wake wa Kisukuma alimwita Malwa. Nikagusa mlango wake, nikarudi, nikaenda tena. Safari hiyo akanidaka mkono.

"We mtoto, nani anakukimbiza?"

"Shikamoo. Bibi anakwenda Makka, na lazima apite kwako."

Alikuja kwetu mbiombio, maziwa yakimwagika kwenye ndoo. Watu walicheka hadi wakakaa chini. Yeye hakucheka, alitaka kuliona jina lake. Mwalimu akamwonyesha herufi mojamoja, akamwambia Marwa ni kilima kidogo ambako mahujaji humalizia mwendo wao. Jirani, ambaye Jumapili hakukosa kanisani, akapitisha kidole juu ya jina lile taratibu. "Kumbe tupo mpaka huko!" akasema.

Tangu hapo mchoro ule ukawa wake pia. Alifukuza kuku wasitifue majivu, na kila asubuhi akileta maziwa alimfundisha Bibi kutamka.

"Sema Marwa, mama."

"Malwa."

"Rrr!"

"Malwa, mwanangu. Ulimi ndio huuhuu."

Siku ya kuondoka alimbebea begi hadi kwenye gari. "Ukifika kwangu uingie, mama. Usipite hivihivi."

Na Bibi akarudi! Mweupe pe kwa nguo, sauti imemkauka, sisi tumemzunguka tukigombania tende. Akatuambia kwamba alipotea kweli. Umati ulimtenga na wenzake kati ya vilima viwili, akabaki peke yake, kila mtu anasema lugha yake. "Moyo ulinienda mbio, wanangu. Halafu nikasema, mbona hapa napajua? Mwisho wa njia ni kwa Malwa. Nikaenda zangu kwa jirani, nikakaa. Wakanikuta hapohapo." Jirani yetu akavua kofia akafutia macho, kisha akaanza kutumiminia maziwa, kikombe baada ya kikombe, bila kuulizwa.

Ua lile halipo tena, pamejengwa maduka. Ng'ombe hawapiti mtaani, na majivu nani anayo siku hizi, wote tunapikia gesi. Jirani alipozeeka alirudi kwao Mara. Asubuhi aliyoondoka, Bibi alisimama barabarani mpaka gari likapotea machoni, akanishika bega, machozi yakimtoka waziwazi.

"Sasa nikipotea," akasema, "nitakwenda kwa nani?"