Siku Niliyoipa Runinga Mgongo

Nakiri mapema, msije mkaisikia kwa mtu mwingine mkadhani naficha: mimi ndiye yule mkwe aliyejiaibisha sebuleni kwa watu, huko ukweni Akheri, mchana kweupe, watu wametoka kanisani, na mpaka leo nikipita njia ya kule nainamisha kichwa.

Tulikuwa tumemzika baba mkwe, na mpiga video akaleta flashi ya msiba ili familia iangalie pamoja (kwetu huku msiba usio na video ni kama haujaisha). Siku hizo nilikuwa najisomea sana habari za ubongo kwenye simu, cheti sina, na jambo moja lilikuwa limenikaa: kwamba picha ileile ikipita mbele ya watu, ubongo wa kila mmoja huipokea kivyake, huyu machozi, huyu kicheko, huyu usingizi. Nikaona hapa ndipo pa kujionea. Wenzangu walipoigeukia runinga, mimi nikavuta kigoda nikakaa kando yake, mgongo kwenye picha, uso kwa watu. Uamuzi mdogo tu.

Na mjue kwamba mama mkwe alikuwa ameshaniteua niseme kwa niaba ya wakwe wote siku ya ibada ya shukrani. Kwa mtu wa kuja, kutoka Lemara, niliyeoa pale bila chochote cha maana, miaka yote nikingoja kuhesabiwa mtoto wa nyumba ile, lilikuwa jambo kubwa.

Basi wimbo wa kaburini ukaanza, watu wakalia, mimi natikisa kichwa kama daktari. Ghafla nyuso zikabadilika. Mke wangu akajifunika kanga usoni, shangazi yake akatoa kicheko cha puani, mama mkwe akaacha kulia, akakauka.

Nikafurahi! “Mnaona?” nikasema. “Picha moja, lakini shangazi anacheka, mama amekauka. Ubongo wake unamkinga asiumie.”

“Shemeji,” akasema Elibariki, kaka wa mke wangu, “hebu geuka.”

“Subiri, nikigeuka nitapitwa na—”

“Geuka bwana! Na wa kwako tuuone unapokeaje.”

Nikageuka. Watu wanatupia udongo kaburini, mama mkwe ameshikiliwa huku na huku analia, na nyuma yake nimesimama mimi, nimemkodolea macho, natabasamu. Tabasamu la mtu aliyepata jibu la hesabu. (Nilikuwa nalinganisha nani analia wakati gani, yule mzee nilimpenda, naapa.) Mpiga video naye, sijui nilimkosea nini, akaivuta picha karibu akaiacha hapohapo.

Nikaanza kueleza, na huko ndiko kujimaliza, kwamba kutabasamu si lazima iwe furaha, kwamba ubongo una mambo yake...

“Baba Neema,” akasema mke wangu, “nyamaza.”

Mama mkwe hakupandisha sauti. “Nilijua uko nyuma yangu,” akasema. “Nikasema moyoni, yupo mwanangu, sitaanguka.” Akapangusa uso. “Siku ya shukrani atasema mwingine, baba. Wewe utakaa na wageni.”

Nilikaa na wageni. Nikapakuliwa chakula mapema, nikapewa maji ya kunawa, heshima zote za mtu anayetoka mbali, wala hakuna shemeji aliyenitania.

Nimeapa: mtu akilia mbele yangu sitauliza ubongo wake unafanya nini, nitamshika mkono. Ila mama mkwe siku hizi nikimwamkia shikamoo, anaitikia marahaba vizuri kabisa, mikono yake ikiwa ndani ya kanga.