Dimbwi la Mbegu

Matope ya mbuga yanapoanza kukauka hutoa harufu ambayo sijaikuta mahali pengine: nyasi zilizooza, samaki, na moshi wa mashamba yanayochomwa, vyote kwa pamoja. Kwetu, kijiji kilichokuwa mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka stesheni ya Usoke, harufu hiyo ndiyo iliyokuwa kalenda. Ikishafika puani, wanawake walishusha matenga yao ya kuvulia kutoka darini, wakakaa uani kuyaziba matundu kwa fito mpya, na sisi watoto tukaanza kumeza mate kabla hata samaki hajaonekana. Wakati wa masika mbuga ile ilikuwa ziwa. Ulisimama mlangoni ukatazama maji mpaka macho yakachoka, korongo wametulia humo kama wazee wa baraza. Kiangazi yalibaki madimbwi matatu. Mawili yalikuwa ya kuvua. La tatu lilijificha nyuma ya matete, likiitwa dimbwi la mbegu, na hilo halikuwa la mtu.

Bibi yangu Kalunde, mama yake mama, ndiye aliyenilea, na ndiye aliyekuwa mfunguaji wa madimbwi. Hakuna mwanamke aliyetia tenga majini kabla yeye hajatia lake. Alituambia kwamba maji yakipungua, kambare wakubwa hukimbilia kwenye dimbwi la mbegu, na mvua ikirudi hao ndio wanaoijaza mbuga upya. Kwa hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuvuka matete. Nyumba ambayo mtu wake alivuka, tenga lake lilipinduliwa ukingoni siku ya ufunguzi, na msimu huo wote haikutia mguu majini. Bibi mwenyewe alikwenda mara moja tu kwa mwaka kutazama kina. Mwaka mmoja mguu ulimsumbua, akanichukua nimbebee kibuyu cha maji. Tuliporudi alinikalisha chini akaniambia, "Nyamizi, macho yako yameona. Mdomo wako haujaona." Nilikuwa na miaka tisa, nikaona nimepewa cheo.

Cheo bila watu wa kukionyesha ni mzigo. Kiangazi kilichofuata tukapata mgeni, Mzungu mzee mwenye kofia pana, aliyekuwa akifuata njia ya zamani ya misafara kutoka Tabora mjini. Aliletwa na dereva mmoja wa mjini aitwaye Hamisi, kijana mcheshi aliyewaamkia watu wote shikamoo, hata waliokuwa wadogo kwake. Njia ile ilipita kando ya mbuga yetu. Babu yake bibi alikuwa mpagazi, akaipita na mzigo kichwani mara nyingi kuliko alivyoweza kuhesabu. Mgeni alipiga hema karibu na dimbwi la kwanza, akapiga picha za ndege, akaandika, akatabasamu. Mgeni njoo, mwenyeji apone: tulipona kweli, maana hatukuwahi kuwa na cha kutazama kiasi kile. Mama Kabula, jirani yetu, ambaye mumewe alikuwa kwenye tumbaku huko Urambo, alimpelekea viazi vya kuchemsha kila asubuhi. Binti yake Kabula, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, aliruhusiwa kuchungulia kwenye darubini ya mgeni. Mimi nilikosa, kwa sababu saa hiyo nilikuwa nachota maji. Nilimwonea wivu sana.

Mgeni alikuwa na fimbo ndefu ya kuvulia, na alimwomba bibi ruhusa ya kuitumia. Bibi alimkubalia katika madimbwi mawili, mgeni akapata perege wa ukubwa wa kidole tu. Basi kesho yake nikamwendea Hamisi, nikamwambia ninajua walipo wakubwa. Hakuna aliyenituma wala aliyenishawishi. Tulivuka matete sisi watatu, jua likiwa utosini, wakati watu wazima wamelala. Mgeni akatupa ndoano, na haikupita muda akatoa kambare mrefu kuliko mkono wangu, ana masharubu, ana hasira. Akampima, akampiga picha, kisha, kwa mshangao wangu, akamrudisha majini taratibu kama anayemlaza mtoto. Nilishusha pumzi. Samaki amerudi, nikajiambia, basi hakuna kilichoharibika. Nikachungulia darubini njia nzima ya kurudi.

Walipoondoka, siku ya tatu baada ya hapo, bibi alikwenda kutazama kina. Kwenye tope akakuta alama za viatu vyenye meno. Siku ya ufunguzi wanawake walijipanga ukingoni na matenga yao, wapata arobaini, vitenge vimefungwa juu ya magoti, na kamongo wa kwanza alikuwa tayari anajisukuma kwenye matope mbele yetu. Bibi akasimama akauliza ni nani aliyempitisha mgeni matete. Halafu sauti moja nyuma ikasema kwamba aliyekuwa akienda hemani kila asubuhi anajulikana. Mama Kabula aliapa kwa wazazi wake, lakini alilia, na mtu anayelia mbele za watu huonekana ana hatia. Bibi alimwendea, akalichukua tenga lake, akalipindua ukingoni. Nyumba ile ilikuwa na watoto watano. Samaki wa wiki zile ndio waliokaushwa, wakaliwa na ugali mpaka mvua. Kabula alikaa chini pembeni ya tenga, hakulia, akanitazama mimi. Hakunishuku, alinitazama kwa kuwa nilikuwa rafiki yake.

Nilitamani ardhi inimeze. Nilisema, "Bibi, ni mimi," na nikasema kwa sauti ndogo hivi kwamba ilinibidi niseme tena. Nikaongeza haraka kwamba samaki alirudishwa, hakuliwa, hata damu haikumtoka. "Sikuwakataza kula, mjukuu wangu," bibi akasema. "Niliwakataza kuonyesha njia. Samaki umemrudisha. Njia utairudishaje?" Akalisimamisha tenga la Mama Kabula, akamwomba radhi kwa Kinyamwezi mbele ya wote. Kisha akalipindua lake. Mwanamke mmoja akamsihi, "Mama, huyu ni mtoto tu," naye akajibu, "Mtoto wa nani?" Akamwambia Mama Kabula aingie wa kwanza, akakaa kwenye nyasi, na mimi nikakaa naye. Mchuma janga hula na wa kwao. Kiangazi kile tulikula mlenda na viazi vikavu vya michembe, michembe na mlenda, na harufu ya samaki wa jirani ikipita uani jioni. Bibi hakunigombeza hata siku moja. Ningefurahi kama angenichapa.

Bibi amefariki miaka mingi sasa, na mimi ni muuguzi Tabora mjini. Samaki wangu nawanunua wamegandishwa, wametoka ziwa nisilolijua. Mwaka jana niliwapeleka wanangu wakaone. Barabara inafika hadi ukingoni, kuna vibanda vya wageni vya makuti, vijana wenye simu wanaotaja majina ya ndege kwa Kiingereza, na bango linaloeleza njia ya misafara. Sikuona ubaya wowote. Kijiji kinakula kwa wageni wale, na watoto wanavaa viatu. Kabula alinipokea kwa vigelegele. Ndiye mfunguaji sasa, amenenepa, anaheshimika, hata vijana wa simu wanamwogopa. Tulicheka mpaka machozi. Kisha nikawashika wanangu mikono, nikaanza kuelekea kwenye matete niwaonyeshe dimbwi la mbegu, kama mtu anayekwenda chumbani kwake.

Kabula akanipita, akasimama mbele yangu. Hakukasirika. Alinishika bega kwa upole, akasema, "Dada Nyamizi, wageni wanaishia hapa."

Mwanangu mdogo aliniuliza kwa nini yule mama ametuita wageni. Nilijaa furaha na uchungu kwa mpigo mmoja, maana dimbwi bado lilikuwa na mlinzi, na Kabula alikuwa sahihi. Nikageuka, nikawarudisha wanangu kwenye vibanda, pamoja na wengine.