Asali Niliyotia Jichoni

Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu. Ni siku ambayo sisimizi walinipanda mkono mchana kweupe, wakielekea usoni, nami sikuwaona.

Kabla sijaisimulia, niseme ukweli. Mimi si mzee. Nina miaka thelathini na mitatu, nashona nguo hapa Cheyo, mjini Tabora, na tangu nianze kuandika haya najiuliza ni nani aliyenipa ruhusa ya kumpa mtu nasaha. Lakini watoto wa dada zangu wananiita mama mdogo, na juzi nilimwona mmoja wao amekunja uso, simu ameisogeza mpaka puani, akisoma. Nilipomuuliza kama anaona vizuri, alijibu upesi mno: "Naona." Jibu hilo nalijua. Nililitumia miezi mizima. Nikaona kwamba nikisubiri mvi ndipo niseme, nitakuwa nimechelewa.

Wakati huo nilikuwa na miaka kumi na tisa, nyumbani kwetu Ipole. Baba alilima tumbaku, na kaka yake, baba mkubwa Maganga, alifuga nyuki. Mimi nilikuwa fundi cherehani, au ndivyo nilivyojiita. Sikwenda chuo chochote. Nilijifunza kwa kufumua gauni kuukuu la mama, nikapanga vipande vyake kitandani, kisha nikajaribu kulirudisha lilivyokuwa. Halikurudi. La pili nalo halikurudi. La tatu lilirudi, na tangu hapo nikajiona siwezi kusamehewa kosa. Mshono ukienda pembeni kiasi cha punje ya ulezi, nilifumua wote. Watu walinisifu kwa uvumilivu. Haukuwa uvumilivu, mwanangu, ilikuwa hofu.

Kwaya ya kanisa letu la Moravian ikanipa kazi yangu kubwa ya kwanza: majoho kumi na nane ya buluu iliyokoza, ya kuvaliwa sikukuu ya mavuno. Mama Nyamizi, mwenyekiti wa kwaya, alileta vitambaa mwenyewe kwa baiskeli.

"Tungeweza kumpa fundi wa Sikonge," aliniambia, "lakini tukasema, kwa nini twende mbali na mtoto wetu yupo?"

Alikusudia kunisifu. Mimi nilisikia jambo moja tu, kwamba yupo fundi mwingine.

Sasa, shida yangu ilikuwa hii: sikuwa naona sawasawa. Uzi wa buluu juu ya kitambaa cha buluu ulinigeukia nyuzi mbili. Kichwa kiliniuma juu ya nyusi kila siku ifikapo adhuhuri. Sikumwambia mtu. Nilijua wangesema fundi haoni, na vitambaa vingepanda baiskeli tena kwenda Sikonge. Miwani nayo, pale kijijini, nilikuwa nimeiona kwa mchungaji na kwa wazee wa kanisa tu. Msichana wa miaka kumi na tisa mwenye miwani angepewa jina la utani kabla hajafika kisimani.

Basi asubuhi nilimsaidia mama kuchambua tumbaku. Ile kazi hufanyika katika kibanda chenye giza kidogo, ili majani yasikauke yakavunjika, na unayatenganisha kwa rangi: haya ya limau, haya ya chungwa, haya ya kahawia. Mikono inabaki na utomvu unaonata na vumbi lake. Kisha niliingia ndani, nikakaa kwenye cherehani karibu na dirisha dogo lisiloingiza mwanga wa maana, nikashona mpaka jioni. Macho yalipochoka niliyafikicha. Kwa mikono ileile.

Jicho la kulia likawa jekundu. Likaanza kutoa tongo, na mwanga ukawa unaniuma kama mtu ananichoma kwa mwiba. Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo labda ni sisi watu wa nyuki tu tunaolifanya kwa moyo mweupe kabisa. Nyumba nyingi za kwetu zina chupa ya soda yenye asali ya nyuki wadogo, wale wasiouma. Ni nyepesi, ina uchachu kidogo. Mtoto akikohoa, analambishwa. Mtu akijikata, anapakwa. Na macho pia, wapo wanaosema hakuna dawa kama hiyo. Nilichukua unyoya wa kuku, nikachovya, nikadondoshea jichoni. Iliwasha mpaka nikashika ukuta. Machozi yalipokwisha, nikahisi jicho limekuwa jepesi. Nikajiambia dawa inafanya kazi. Nikatia siku nne, asubuhi na mchana.

Siku ya nne baba mkubwa alikuja kuchukua kofia yake ya wavu, ile anayovaa wakati wa kurina, niliyokuwa nimeishona palipochanika.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, fundi." Akakaa kizingitini, akanitazama kitambo. "Siku hizi unafuga sisimizi?"

Nikacheka, nikidhani ananitania kama kawaida yake. Akaonyesha kwa kidole. Mstari wa sisimizi ulipanda mguu wa meza, ukapita juu ya joho la mama mmoja wa kwaya, ukafika kwenye leso niliyokuwa nikijifutia uso, na wengine walishafika kwenye kiwiko changu.

"Mimi nina mizinga sitini," alisema, "na sisimizi wanaijua yote. Huu wa sitini na moja sikuuandikisha. Hebu nitazame."

Nikageuka. Akaacha kucheka. Akaja, akaliziba jicho langu la kushoto kwa kiganja chake, akainua mkono mwingine. "Vidole vingapi?"

Niliona ukungu mweupe, na kitu cheusi ndani ya ukungu. Nikabahatisha. "Vitatu."

"Nimekunja ngumi, mwanangu."

Ndipo nikamwambia yote, unyoya na asali. Nilitarajia ataniambia niongeze, kwa kuwa asali ilikuwa yake. Akakaa chini tena.

"Asali hii nimeirina mwenyewe," alisema. "Nimeikamua kwa mikono hii na nimeichuja kwa kipande cha chandarua. Unajua chandarua kile kilikuwa wapi kabla?"

"Sijui."

"Bora usijue. Nimeuza asali tangu baba yako hajaoa, na hata siku moja sijaitia jichoni mwangu. Unajua kwa nini? Kwa sababu najua inakotoka. Jicho si kitumbua, uliloweke asali." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Watu wananunua wakisema ni ya macho, nami nanyamaza. Hilo ni kosa langu, si lako."

Akataka twende hospitali ya Tabora kesho yake asubuhi. Nami, mwanangu, nikakataa. Nasema haya kwa aibu. Nilimwambia yamebaki majoho matano na sikukuu iko karibu, nikimaliza nitakwenda, na tena Tabora ni mbali.

"Mbali?" alisema. "Babu zako walibeba mizigo kichwani kutoka huku mpaka pwani, kwa miguu. Wewe utakaa kwenye kiti cha basi, utakula karanga, na unasema mbali."

Nikaendelea kukanyaga cherehani. Yeye hakupandisha sauti. Aliinama, akasukuma kibati cha chini ya sindano, akachomoa kile kikasha cha chuma kinachobeba uzi wa chini, akakitia mfukoni na kufunga kifungo. Cherehani ikabaki inachezesha sindano bila kushika chochote.

"Joho likichelewa, watu wanaimba na nguo nyingine," alisema. "Lete jicho jingine tuone utalitoa wapi."

Tukaenda. Daktari alikuwa dada mmoja mpole, si mkubwa sana kwangu. Alinidondoshea dawa yenye rangi ya njano, akaniangalia kwa taa ya buluu, akavuta pumzi. Akasema kuna kidonda kwenye kioo cha jicho, ile ngozi ang'avu ya mbele, na kimesogea karibu na katikati, pale ninapoonea. Kufikicha kulikwaruza, uchafu ukaingia, na asali isiyo safi ikaongeza vijidudu. "Ungekaa wiki nyingine," alisema, "tungekuwa tunazungumza habari ya kuishi na jicho moja. Hata sasa sikuahidi. Tutibu, tuone."

Nililazwa. Dawa ilitakiwa kila saa, na baba mkubwa hakuwa na saa, kwa hiyo alikuwa akiwauliza manesi muda kila anapomwona mmoja. Siku ya pili nesi akamwambia, "Mzee, hata saa ya ukutani haina usumbufu kama wako." Akajibu, "Ile ya ukutani haina mtoto hapa." Hakuacha.

Nilimpigia Mama Nyamizi kwa simu ya nesi mmoja nikilia. Nilimwambia majoho yaliyokamilika ni kumi na matatu, na mengine hayatakuwapo, na ampe fundi wa Sikonge kama anataka.

"Kumi na matatu yapo?" akauliza.

"Yapo."

"Basi kumi na watatu watasimama mbele. Sisi wanene watano tutasimama nyuma na vitenge vyetu. Wewe lala."

Ndivyo ilivyokuwa. Nilikaa kanisani siku ya mavuno, jicho moja limefunikwa, na kwa lile lililobaki nikatafuta makosa yangu. Nililipata moja, kola iliyokaa upande. Hakuna mwingine aliyelitazama. Waliimba vizuri.

Kidonda kilipona polepole. Kimeacha doa dogo jeupe pembeni, halinizuii kuona. Mwezi uliofuata nilirudi Tabora kupimwa, na kumbe macho yote mawili yalihitaji miwani tangu zamani. Nilipoivaa mara ya kwanza nilimtazama baba mkubwa aliyekuwa akinisubiri mlangoni, na nikaona uso wake umejaa vidoa vidogo vya kuumwa na nyuki. Miaka kumi na tisa nilikuwa namwita baba na sikuwahi kujua. Mpaka leo yu hai, na kila anayenunua asali kwake anaambiwa kabla hajafungua mfuko: ya kula hiyo, si ya macho.

Sasa nakuomba, mwanangu, kwa shukrani niliyonayo na si kwa ukali. Usiweke jichoni kitu ambacho hukupewa na mtaalamu wa macho kwa ajili ya jicho lako, iwe asali, maziwa ya mama, maji ya majani au dawa iliyobaki ya jirani. Ukitoka kwenye tumbaku, kwenye pilipili au kwenye dawa ya shamba, nawa mikono kwa sabuni kabla hujagusa uso, na kila mtu nyumbani awe na taulo yake. Jicho likiwasha, usilifikiche; lisafishe kwa maji safi, na likiuma, likiwa jekundu au likipata ukungu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Ukishona au ukisoma simu, kaa penye mwanga, na kila baada ya muda mfupi inua uso uangalie mbali, mpaka kwenye mti wa mwisho unaouona. Mimi huangalia paa la jirani yangu, amekwisha kuzoea. Vaa miwani ya kukinga unapopasua kuni. Kula matembele, mchicha, papai, viazi vya rangi ya chungwa. Mwenye kisukari au presha nyumbani kwenu, mkumbushe apimwe macho hata kama haumwi.

Na ukiulizwa kama unaona, sema ukweli. Hilo ndilo kubwa. Hakuna kazi nzuri kiasi cha kuficha nyuma yake kasoro inayokula jicho. Wanaokupenda watasimama nyuma na vitenge vyao.

Mungu akutunzie macho yako yote mawili. Akupe mtu wa kukuuliza vidole vingapi siku utakapokuwa unabahatisha. Na utakapozeeka, uwajue wajukuu zako kwa sura zao, si kwa sauti tu.