Mama Alale Osaka

Mimi nilitaka mama alale Osaka. Naliweka hili mbele ili mtu asije akanihurumia mapema. Mdogo wangu anaishi Kyoto, mama alikuwa anaenda kumwona mdogo wangu, na kati ya miji hiyo miwili kuna treni inayofika kabla abiria hajaanza kusinzia. Mtu mwenye akili timamu angesema mama alale Kyoto, kwa mtoto wake, mambo yaishe. Mimi nilikaa jikoni kwangu hapa Coon Rapids, Minnesota, nimetoka zamu hospitalini hata nguo za kazi sijavua, nikamtafutia hoteli Osaka. Nilikuwa na sababu moja tu, na nilikuwa tayari kuipigania kwa meno.

Sababu ni kwamba mdogo wangu anakaa na mwanamume. Ni Mjapani, fundi wa baiskeli, mpole, ana kucha safi kuliko madaktari ninaofanya nao kazi. Hawajafunga ndoa. Hakuna mzee aliyetumwa kwetu Kakamega, hakuna ng'ombe, hakuna hata jogoo wa kusema tunakuja. Na sisi Waluhya, mama halali kwenye nyumba ya mwanamume anayekaa na binti yake kama mahari haijatoka. Halali chini ya paa lake, na uso wake hautazami sawasawa. Sikusimuliwa jambo hili na bibi. Liliingia nyumbani kwangu kwa mlango wa mbele, na lilipotoka lilitoka na mtu.

Mwanamume wangu alikuwa Mkongo wa Bukavu. Alifanya kazi kwenye ghala moja Eagan, akicheka anacheka na mabega. Wazee wa kutuma kwetu hakuwa nao: wengine waliuawa, wengine walikuwa bado kambini, na mmoja aliyebaki alikuwa kipofu. Alisema ataenda Kakamega mwenyewe siku karatasi zake zikimruhusu kusafiri, na mimi niliona ni neno la mtu mzima. Mama alipokuja Minnesota mara ya kwanza, katikati ya baridi, aliona vingine. Alisimama sebuleni kwetu, koti limefungwa mpaka kidevuni, akauliza, "Na mimi mtanipeleka kulala wapi?"

Tulikuwa tumemtandikia kitanda. Blanketi lilikuwa jipya, mwanamume wangu alilichagua mwenyewe, la maua, akisema wamama wanapenda maua. Akapiga magoti kwenye zulia mbele ya mama yangu akamwambia kwa Kiswahili chao, "Maman, tafazali, ulale hapa. Mimi nitaenda kulala kwa rafiki. Hapa ni kwako."

Mama hakumjibu. Alinijibu mimi, kana kwamba sauti ilikuwa imetoka ukutani. "Mwambie paa ni lake hata kama yeye hayuko."

Kwa hiyo mama akalala Plymouth, mji wa jirani, kwa mama mmoja wa kanisa letu, baridi yote. Asubuhi nilimchukua mimi. Jioni mara nyingi nilikuwa kazini, kwa hiyo aliyemrudisha ni yule yule asiyefaa kulala naye nyumba moja. Siku zangu za mapumziko nilipanda nao nikajionea. Mama anakaa kiti cha nyuma, leso imeshushwa mpaka puani asije akamwona mkwe kwenye kioo. Mwanamume wangu anaendesha kwenye theluji, redio imezimwa, kwa sababu aliambiwa kupiga muziki mbele ya mama mkwe ni utovu wa adabu. Hakuna anayesema neno mpaka Plymouth. Akifika anashuka, anamfungulia mama mlango na kugeuza uso pembeni, kama alivyofundishwa.

Baridi ilipokwisha naye alikwisha. Aliniambia bila kupaza sauti, "Mimi niko mutu. Siko shoferi wa kupeleka mama yako mbali na mimi." Alihamia jimbo la Iowa, kwenye kiwanda cha nyama. Mama alipopata habari alisema Mungu ametoa mwiba, kisha akaja kukaa nami moja kwa moja. Nyumba ilikuwa haina mwanamume tena, basi paa likawa halali.

Nililia, nikaenda kazini, nikaendelea. Kilichonishika mkono miaka yote hiyo ni neno moja ambalo mama mwenyewe alinipa: ni mila. Mila haina macho, nilijiambia, ingemwangukia yeyote aliyesimama pale nilipokuwa nimesimama. Niliweza kuishi na hilo. Kwa hiyo mdogo wangu alipomwita mama Japani, swali la mji wa kulala likawa langu kuliko lao. Mama akilala Osaka, basi ile ilikuwa mila kweli. Akilala Kyoto, mwanamume wangu alifukuzwa bure.

Sikutaka kumkumbusha. Nilitaka akumbuke mwenyewe. Nikaanza kumwonyesha picha.

"Osaka ni karibu na uwanja wa ndege, Mama."

"Silali uwanja wa ndege."

"Hoteli zake zina lifti. Kyoto watakulaza chini, kwenye godoro la sakafuni."

"Nimezaliwa kwenye mkeka."

"Kyoto ni mahekalu matupu. Masanamu kila kona, na wewe ni mama wa kanisa."

"Sanamu haliumi mtu."

"Mabasi yake yanajaa watalii mpaka mlangoni. Na hayo magoti yako?"

"Magoti yangu umeanza kuyajali lini?"

Mimi ndiye ninayeyapaka dawa magoti hayo kila jioni, nimepiga magoti yangu mwenyewe sakafuni. Nikafungua hoteli nyingine, nzuri zaidi, yenye dirisha la kutazama mto.

Jumapili jioni, tumetoka kanisani, mdogo wangu akapiga simu ya video. Kule kwao ilikuwa tayari Jumatatu asubuhi, anajitayarisha kwenda kufundisha. Alizungusha simu tuone nyumba: chumba kimoja, kingine nusu yake, na jiko la kusimama mtu mmoja. Fundi wa baiskeli akaingia kwenye picha, akainama. Nikamtazama mama. Nilikuwa nikingoja leso ishuke puani.

Mama aliirudisha leso nyuma, paji lote la uso likaonekana, akasogeza simu karibu kama anayepigwa picha ya kitambulisho. "Hujambo, baba!" akasema. "Umekula?"

Mdogo wangu akatafsiri. Kijana akainama tena, akasema amekula.

"Mwambie ni mwembamba. Nikifika nitampikia."

"Mum, room yako iko ready," mdogo wangu akasema. "Ame-buy hadi mattress. Siz, kwani hiyo hotel ya Osaka uliniambia ni ya nani? Si ni waste tu."

"Ni ya mama."

"For what?"

"Muulize mama kama ng'ombe wamefika," nikasema.

"Ng'ombe gani?"

Alikuwa haelewi kabisa. Wakati mama analala Plymouth yeye alikuwa shule ya bweni nyumbani, anahangaika na mitihani, na hakuna aliyemweleza chochote. Mama akacheka, kicheko chepesi cha wageni. "Dada yako amechoka," akamwambia. "Hiyo kazi yao ya wagonjwa inachosha kichwa." Kisha akamuuliza fundi wa baiskeli, kupitia kwa binti yake, kama wazazi wake wako hai.

Usiku, Kakamega kulipokuwa kumekucha, nilitoka nje nikakaa kwenye gari nikampigia mjomba. Mjomba ndiye aliyetoa hukumu wakati ule. Ndiye aliyesema kwenye simu, huku mama ameketi pembeni yangu, kwamba dada yake akilala kwa Mkongo huyo ukoo mzima utaaibika. Nikamweleza safari ya Japani, nikamweleza habari za kijana, nikamuuliza mama alale wapi.

Akafikiri. "Unajua, mwanangu, mila za huku hazipandi ndege," akasema.

Nikamuuliza mbona zilipanda ile ya kuja Minnesota.

Akasema simu inakatika. Haikuwa inakatika. Nilimsikia vizuri akifukuza kuku.

Nikarudi ndani. Mama alikuwa mezani na kikombe chake. Niliiweka kompyuta mbele yake, Osaka upande huu na Kyoto upande huu, nikamwambia achague mwenyewe, kwa kidole chake, nione. Hakuuliza bei wala hakuuliza mto. Aliweka kidole Kyoto, akaacha alama ya mafuta ya mandazi kwenye kioo.

"Na Plymouth?" nikamuuliza.

"Plymouth imefanya nini?"

"Mwaka ule ulilala Plymouth. Baridi yote. Mtu anakuendesha na hutaki kuona kisogo chake. Huyu wa Kyoto amelipa nini? Unamwita baba! Unamuuliza amekula!"

Nilikuwa nimejitayarisha kwa majibu mengi. Angesema nyakati zimebadilika, ningemvumilia. Angesema hakumpenda yule Mkongo, ningemchukia, lakini ningeelewa. Mama alikunywa chai, akaweka kikombe, akanitazama bila chuki yoyote. Ingekuwa afadhali chuki.

"Huyu mdogo wako nikimwambia nalala hotelini atafunga mlango," akasema. "Namjua. Atafunga, na mimi nitakufa sijamwona. Wewe nilijua utalia, halafu utatii."

Alisema hivyo kama mfugaji anayekueleza ng'ombe yupi ana teke na yupi hana.

Nikauliza tena, kwa ujinga, kama mila ile ilikuwepo au haikuwepo. Akasema ilikuwepo, mbona isiwepo, lakini mila ni kama kuni, mtu huzipeleka mahali zitakapowaka. Aliona amenijibu vizuri. Akachukua andazi lingine.

Hasira ikanishika. Nilitaka kumwumiza, na kwa kuwa ni mama yangu nilijua mahali pa kuchoma. Nikamwambia akifa nitamzika hapa hapa, Coon Rapids, kwenye shamba la makaburi lile karibu na barabara kuu, chini ya theluji, bila wimbo wa Kiluhya hata mmoja. Baba alale peke yake Kakamega mpaka siku ya mwisho, na nafasi ya kaburi iliyoachwa pembeni yake waipande mahindi.

Kwetu hakuna neno baya zaidi ya hilo. Mtu huchafuka jina kizazi kizima kwa neno hilo. Nilimwona likimwingia, mkono wenye andazi ulisimama hewani. Nikafurahi, kwa kweli nilifurahi, pengine kwa muda wa pumzi mbili.

Kisha akatikisa kichwa taratibu.

"Hapana," akasema. "Utanipeleka nyumbani. Utalia, utazunguka kanisa lote ukichangisha, na utanipeleka. Utakaa karibu na jeneza ndege nzima." Akauma andazi. "Mdogo wako ndiye sina hakika naye."

Nilivuta kompyuta, nikafuta Osaka yake, ile yenye mto, nikamwandikia mdogo wangu kwamba mama atafikia kwao. Alijibu hapo hapo kwa vichwa vingi vinavyocheka na moyo mmoja. Mama aliniomba nimsomee. Nikamsomea.

"Na wewe utalala wapi?" akauliza baadaye. Alikuwa amesahau kwamba mimi ndiye wa kumsindikiza, wa kumsukuma kwenye kiti cha magurudumu uwanjani na kumbebea dawa.

"Osaka," nikasema.

"Vizuri," akasema mama. "Nyumba yao ni ndogo."

Nilimtazama nione kama ametania. Hakutania. Alikuwa anahesabu magodoro kichwani mwake, na langu halikuwemo, na hesabu ilimtoka sawa. Nilijiambia kwamba leo ndipo. Leo nitasema kitu, nitampigia yule mama wa Plymouth aje amchukue na mifuko yake, nitapanda gari niende Iowa nikaulize kwenye kila kiwanda cha nyama. Kifua kilikuwa kimejaa maneno, nikaanza kuyapanga, lipi litangulie.

Mama akasukuma kikombe kuelekea upande wangu na kusema chai imepoa, nimpashie. Nilikuwa nimeshawasha jiko nilipokumbuka kwamba nimekasirika.