Siku Nilipomwekea Matanga Baba Mkwe Aliye Hai

Kule Fungurume, pale barabara ya kwenda Kolwezi inapopita kando ya soko, kuna mama mmoja muuza makayabu, wale samaki wa chumvi, ambaye hadi leo akiniona tu ananiuliza kwa sauti ya kusikika soko zima: "Tata, na ule mufu wako, eko muzuri?" (Yaani, baba, na yule mfu wako, hajambo?) Watu wanacheka, nami nacheka nao, maana nifanye nini? Aibu ukishaivaa mbele za watu haivuliki. Basi bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwake, kwa sababu yeye kila mwaka anaongeza kipande.

Kwanza mjue kwamba mimi ni mhasibu, na hapo ndipo panapouma. Nilikuwa nimepata kazi Kolwezi, kwenye kampuni ndogo inayopelekea migodi vifaa, na sisi tulikuwa watu wa Lubumbashi tangu kuzaliwa, kwa hiyo nikakaa mezani nikapiga hesabu ya kuhama: lori, mafuta, wabebaji, kodi ya nyumba mpya. Nikamsomea mke wangu, Mama Glodi, kwa sauti ya padri anayesoma Injili. Mke wangu anauza maharage na unga, hajawahi kusomea hesabu, lakini sijawahi kumwona mtu akimpunja. Alinisikiliza huku akikunja mablanketi, kisha akauliza neno moja.

"Na falanga ya njia iko wapi?"

Nikamwonyesha pesa yenyewe: hii hapa, mafuta.

"Mafuta ni ya gari. Mi nakuuliza ya njia. Njia nayo inakula."

Akanikumbusha habari za bibi yake, aliyetoka Kasai kwa treni enzi zile babu alipoletwa kufanya kazi ya mgodi, ambaye alifunga pesa kwenye pembe ya kitenge na hakuifungua mpaka chungu kilipokaa motoni katika nyumba mpya. Haya, nikatenga pesa ya njia. Ingebaki pale, leo nisingekuwa na la kuwasimulia.

Lakini siku mbili kabla ya safari nilipita mahali wanapouza samani nikaona makochi matatu, rangi ya divai, bado yamevikwa nailoni, nikajisemea Kolwezi ni mji wa pesa ya shaba, watu wanatazama salo yako, yaani sebule, kabla ya kutazama uso wako, je, mhasibu mpya ataingia mtaani na viti vya plastiki? Nikanunua. Kwa pesa gani? Ya njia! Nilipoyaleta nyumbani nikamwambia Mama Glodi kwamba barabara siku hizi ni lami tupu, hakuna la kutupata. Akayatazama makochi, akanitazama mimi, akasema: "Ni mazuri." (Wanaume wenzangu, mke mwenye maneno akikujibu kwa maneno mawili tu, ogopa.)

Watoto tuliwaacha kwa baba mkwe, Tata Kabeya, wamalize muhula wa shule. Mwenye nyumba wa Kolwezi alikuwa ameshatuonya kwenye simu: msipoingia na vitu vyenu kabla ya Jumapili kuisha, nampa mwingine, nyumba hapa zinagombewa. Asubuhi hiyo ya Jumapili dereva wetu, Tata Kapya, akauzunguka mzigo mara mbili.

"Patron, iyi muzigo inapita kipimo. Springi ikivunjika, ni yako."

"Sawa, sawa," nikasema, mkono mfukoni kama mtu mwenye kitu humo.

Njia ikaanza kula. Wabebaji walitaka chakula juu ya malipo yao (sikukiandika), kamba ilikatika tukanunua nyingine (sikuiandika), kwenye kizuizi tukaulizwa karatasi ambayo sikujua kama ipo duniani, na karibu na Likasi tairi likapasuka. Tulipotoka Likasi mfukoni mwangu mlibaki leso tu. Nikamwomba Mungu chinichini anifikishe tu, nami nitaanza kusali hata siku za kazi, naye akanijibu pale pale tulipoingia Fungurume, kwa mlio mmoja chini ya lori: kwaa! Springi.

Fundi wa kuchomelea vyuma alikuwa karibu, ila hakutaka gari lenye mzigo. Tukashusha maisha yetu yote kando ya barabara: kabati, vitanda, masufuria, makochi. Mama Glodi akaondoka na dereva kwenda kwa fundi kupatana bei. "Weye baki hapa," akaniambia. "Weye ukipatana, bei inapanda." Ni kweli, inapanda.

Nikabaki peke yangu, na wingu jeusi likaanza kujikusanya. Sasa nifuatilieni pole pole, maana kila nilichofanya kilikuwa na akili yake. Nikafunga turubai kutoka kabatini mpaka kwenye nguzo za ua wa watu, makochi yasilowe. Chini yake nikapanga makochi na viti vya plastiki, nikatandika mkeka. Picha kubwa ya baba mkwe, ile aliyopigwa akiwa na suti nyeusi siku alipostaafu kwenye reli, niliogopa kioo chake kitavunjika, nikaisimamisha juu ya meza ndogo ikitazama barabara, na mke wangu alikuwa ameitundikia rozari yake isipotee. Halafu mimi mwenyewe, macho mekundu kwa vumbi, kichwa kinanigonga, nikajifunga taulo kichwani, nikakaa mkekani, nikashika tama. Ndugu zangu, mngepita hapo, mngefikiri nini?

Wa kwanza alikuwa mwanaume wa baiskeli. Alishuka, akavua kofia, akanipa mkono kwa mikono miwili, akakaa kwenye kiti cha plastiki bila neno. Nikasema moyoni, watu wa Fungurume wana adabu kweli. Wakaja wengine wawili, wakakaa. Kisha akaja yule mama wa makayabu na wenzake kutoka sokoni, wakavua viatu, wenzake wakanyoosha miguu mkekani, yeye akachagua kochi, akatazama picha, akatikisa kichwa. "Alikuwa mutu muzuri, inaonekana." Akachukua sahani yetu moja, akaiweka mbele ya picha, akatia noti, na wengine wakamfuata.

Hapo ndipo nilipoelewa.

Na hapo ndipo ningesema. Maneno yenyewe yalikuwa mepesi: "Bamama, hapana, tunahama tu." Lakini nikaitazama ile sahani, nikamfikiria fundi, na mwenye nyumba wa Kolwezi, na mke wangu atakayerudi kuniuliza pesa nisiyokuwa nayo, nikafungua mdomo, nikalia. Sijui nilitoa wapi kile kilio! Wakadhani uchungu umenizidi, mmoja akanipapasa mgongo, wakaanza wimbo wa kanisa, na niwaambie ukweli, waliimba vizuri mno. Watu wasionijua jina, wameacha biashara zao, mvua imeanza kunyesha, wanaimba kwa ajili ya mtu wasiyemjua. Nilijiona mchafu kuliko barabara ile. Lakini nilinyamaza.

Ndipo akaingia mzee mmoja mwenye fimbo, Tata Ilunga, akaisogelea picha, akapiga yowe.

"Kabeya! Kabeya wa reli! Tulitumika kazi naye, stesheni ya Kasaji!"

Na huyu alilia kweli, machozi yanashuka mpaka kwenye shati. Alipotulia kidogo akaketi kwenye kiti, akatoa simu. Eti namba ya Kabeya anayo, lazima iko na watoto wake sasa, awape pole kwa niaba ya wote. Nikamshika mkono: "Tata, tuache kwanza, familia imechoka." Akautoa mkono wangu kwa upole, akabonyeza sauti kubwa ili kila mtu asikie. Ikaita mara moja tu.

"Allo? Moyo!" (Hivyo ndivyo sisi wenye asili ya Kasai tunavyosalimiana.)

"Ni… ni nani anasema?"

"Ni miye, Kabeya. Na weye ni nani?"

Tata Ilunga akaitupa simu mkekani. Miguu ya kiti chake cha plastiki ikafunguka, mzee chini. Mama mmoja aliruka kochi kama msichana, mwenye baiskeli akatoka mbio akaisahau baiskeli, na mwimbishaji, kwa sababu alikuwa amefumba macho, aliendelea ubeti mzima peke yake. Na simu mkekani haikunyamaza.

"Allo? Mbona batu banaimba? Nani alikufa?"

Mama wa makayabu akainama, akaijibu simu kwa adabu zote.

"Ni weye, tata."

Macho yote yakanigeukia. Kwetu mkwe hata kumtazama baba mkwe usoni unaona haya, unapita mbele yake umeinama, na mimi nimemwekea matanga na sahani. Ardhi ya Fungurume ina mashimo mengi, nikaomba iongeze moja tu, la kunitosha.

Wakati huo Mama Glodi akarudi, masizi mkononi. Akaitazama picha, akaitazama sahani, akanitazama mimi na taulo langu. Akaokota simu.

"Papa, ni miye. Uko muzima?"

"Niko muzima, nakunywa chai."

"Endelea kukunywa. Nitakuita."

Akanivua taulo kichwani, taratibu, kama mtu anayemvua mtoto shati lenye matope, kisha akawageukia watu. Mimi nilikuwa nangoja kuuawa.

"Bamama, batata, hapa hakuna mufu. Tunahama, kamyo ilivunjika. Bwana yangu alikuwa na shida, akapata haya ya kuisema. Mutusamehe. Kila mutu akuje achukue yake."

Akainyoosha sahani kwa mikono miwili. Sikuwahi kumpenda kama siku ile, na nawaambia wazi, hata siku ya harusi. Alisimama pale na mvua inamchuruzika, hakunitupa wala hakuongopa kwa ajili yangu, akamrudishia kila mmoja noti yake akimshukuru. (Mmoja alichukua zaidi ya aliyoweka, nikamwona, lakini ningesema nini, mimi mwizi wa matanga?) Wa kwanza kucheka alikuwa mama wa makayabu, alijitupa tena kwenye kochi akicheka mpaka akashika mbavu, na Tata Ilunga, akiwa bado amekaa chini, akacheka naye huku akifuta machozi, "Kabeya eko muzima! Eko muzima!"

Mke wangu hakungoja kicheko kiishe.

"Mama, iyi kiti unaikalia, unaiona namna gani?"

"Ni muzuri, mama."

"Basi uinunue, uikalie ukiuza makayabu. Nauza mbili."

Wakapatana palepale, juu ya mkeka wa msiba. Makochi mawili ya rangi ya divai yakaondoka kwa bei ambayo ilinichoma tumboni, nami nikanyamaza, na safari hii kunyamaza kwangu kulikuwa kwa heshima. Fundi akalipwa, wale wale waliokuja kunililia wakatusaidia kupakia, tena wakiimba ule ule wimbo kwa dhihaka. Tulifika Kolwezi giza likiingia, mwenye nyumba yuko mlangoni na mtu mwingine anamwonyesha vyumba. Mama Glodi alishuka kabla lori halijasimama vizuri, akapita katikati yao na chungu kichwani, akaingia jikoni, akawasha moto. Yule mtu mwingine akaaga mwenyewe.

Muhula ulipoisha, baba mkwe akatuletea watoto. Nilikuwa nimemwomba msamaha kwenye simu, naye alikuwa amenijibu "tutaonana" tu, kwa hiyo mjue nililala vipi wiki hizo. Akaketi kwenye kochi moja lililobaki, chini ya picha yake mwenyewe, akanywa chai mpaka ikaisha. Nimesimama mbele yake kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Tata Glodi."

"Ndiyo, baba."

"Pale Fungurume, batu balilia muzuri?"

"Balilia sana, baba."

"Hata Ilunga?"

"Alianguka chini."

Akatikisa kichwa, uso umeanza kulegea, nikaona kumbe mzee amefurahi. Akaweka kikombe.

"Muzuri. Siku nitakufa ya kweli, munipitishe kwa bale batu." Kisha akanyoosha kidole kuelekea jikoni, alikokuwa Mama Glodi. "Lakini falanga ya kunipeleka, umupe mutoto wangu aishike."

Tangu siku hiyo anaishika yeye, kwenye pembe ya kitenge, na mimi mhasibu sijui ni kiasi gani, wala sitauliza.