Gari la Jeshi Uani kwa Mama Mkwe

Kwa miaka tisa ya ndoa yangu, mimi na mama mkwe hatukuwahi kuzungumza zaidi ya salamu. Nikifika kwake Ilala nilibisha hodi, nikaingia nimeinamisha macho, nikasema, "Shikamoo mama." Yeye ameshavuta kanga kichwani, ananijibu kutoka mkekani, "Marahaba. Hamjambo huko?" Nasema hatujambo, na mazungumzo yanaishia hapo. Yeye ni Mzaramo wa mji huu tangu enzi za bibi zake, na kwao mkwe wa kiume hazoewi. Mimi ni Mchaga wa Rombo, nauza ndoo na mabeseni kwa jumla Kariakoo, na kwetu pia mama mkwe si mtu wa kupiga naye soga. Tena mimi na mke wangu tulifunga ndoa bomani, maana mimi ni Mkristo na yeye ni Mwislamu. Mama hakutugombeza hata siku moja, lakini ule ukimya wake niliuhesabu kuwa ndiyo jibu lake.

Halafu nikanunua gari.

Lilikuwa landrova la jeshi la zamani, limepitia mnadani, likabebeshwa mbao miaka mingi, mwisho likatelekezwa nyuma ya karakana moja njia ya Pugu. Nilikwenda huko kufuata mteja wa ndoo, nikaliona limezama kwenye majani, kuku ametaga kwenye kiti cha dereva. Sina sababu ya maana ya kuwaeleza. Nilipokuwa mdogo, magari kama lile yalipita kijijini kwetu kuelekea mpakani, nasi watoto tukiyakimbilia mpaka pumzi zinakatika. Labda ni hilo. Nilirudi nyumbani jioni nikiwa mwenye gari lisilo na uhai, na nyumbani kwenyewe ni ghorofa ya tatu, Mchafukoge.

Mke wangu aliitupia macho sebule yetu. "Utaliweka wapi? Kabatini?"

"Nilikuwa nafikiria uani kwa mama."

"Basi kamwombe."

"Mwombe wewe. Mimi naanzaje?"

Alimwomba. Jibu lililorudi lilikuwa fupi: lije, lakini lisizibe kamba za kuanikia nguo. Tukalivuta kwa lori mpaka Ilala, wapangaji wake wakatusaidia kulisukuma kupita lango la uani, na mama alisimama mlangoni akiliangalia, mikono kiunoni. Nilidhani amekasirika.

Jumapili iliyofuata nilianza kazi. Nilikuwa nimenunua seti ya spana na ovaroli mpya kabisa, na ujuzi wangu wote ulitokana na video za kwenye simu. Mama alikaa kibarazani akikuna nazi. Mke wangu alikaa katikati yetu na ungo wa mchele. Nikaishika nati ya kwanza, imeshikwa na kutu, nikaikazania kwa nguvu zangu zote mpaka mishipa ikanitoka.

"Mwambie mumeo," sauti ilitoka kibarazani, "nati hiyo haifunguliwi hivyo. Ataikata."

Mke wangu hakuinua macho kwenye mchele. "Amesikia, mama."

"Mwambie."

"Mume wangu, mama anasema nati haifunguliwi hivyo."

"Muulize mama," nikasema nikiwa nimeielekea injini, "ifunguliwe vipi."

"Mama, anauliza ifunguliwe vipi."

"Aipake dizeli, aiache mpaka kesho. Kisha aikaze kwanza kidogo, ndiyo ailegeze."

Nikafanya hivyo. Kesho yake nilifunga duka mapema, nikaenda, nikaikaza kidogo, nikailegeza. Ikatoka laini.

Nikamvuta mke wangu pembeni. "Mama amejuaje mambo haya?"

"Si alikuwa dereva jeshini? Ujana wake wote. Aliendesha magari hayahaya, akipeleka chakula makambini." Akanitazama usoni. "Hukujua? Picha yake ipo sebuleni!"

Picha niliijua. Miaka tisa nilikuwa nikikaa chini yake nikinywa chai: askari mwembamba mwenye kofia, mguu mmoja juu ya bampa la gari, anacheka. Siku zote nilidhani ni marehemu mjomba wao, na mara moja au mbili nilishamwombea apumzike kwa amani.

Tangu hapo Jumapili zetu zikawa na utaratibu. Mimi nilikuwa na mikono, mama alikuwa na akili, na mke wangu alikuwa mkalimani. "Mwambie kabureta aioshe kwa petroli, asiikwangue." "Muulize mama, huu mpira unaingia wapi?" "Mwambie huo si wa gari hili kabisa, amedanganywa." Mke wangu alichoka mpaka akawa anasema tu "amesikia" na "amesema", bila kurudia maneno, maana wote tulikuwa tunasikiana vizuri, tumetengana hatua nne.

Vipuri nilivitafuta Gerezani, kwenye vile vibanda ambavyo ukiingia unadhani ni vurugu tupu, kumbe mwenyewe anajua kila skrubu ilipo. Nilikuwa nimezoea kuwa mimi ndiye ninayejua mali, wateja wananiuliza. Huko nilikuwa kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Mzee mmoja muuza vipuri alinizoea. Kila nikitokea na kipande kichafu mkononi alikuwa akiuliza, "Leo yule bosi wako wa Ilala anataka nini?" Fundi wa kuchomelea kutoka mtaa wa pili alikuja siku mbili kuziba mashimo ya chesisi, akasema kwamba bodi ni nzima, aluminiamu haishiki kutu, na kwamba wazungu waliotengeneza gari hili walikuwa wachoyo wa kila kitu isipokuwa bodi. Wapangaji nao wakaacha kulalamika. Mama mmoja mpangaji akawa anaanika nguo za watoto kwenye boneti, ambako jua linapiga vizuri.

Siku ya kuwasha injini, betri mpya iligoma kuzungusha stata. Mama akasema kupitia kwa mkalimani kwamba lile gari lina hendeli ya kuwashia kwa mkono, itafutwe chini ya kiti. Ilikuwepo. Nikaichomeka mbele, nikajiweka sawa.

"Mwambie gumba lake likae upande mmoja na vidole vingine! Injini ikirudisha teke itamvunja!"

Nikalihamisha gumba. Mzunguko wa kwanza, kimya. Wa pili, injini ikakohoa na hendeli ikanitoka mkononi kwa kishindo. Gumba langu likasalimika. Wa tatu ikashika. Moshi mweusi ukajaa uani, watu wakapiga vigelegele, mpangaji wa chumba cha mwisho akatoka na povu la sabuni kichwani akidhani nyumba inaungua. Nilimtazama mama mkwe. Alikuwa amefumba macho, kichwa amekiinamisha upande mmoja, anasikiliza.

"Mwambie," akasema taratibu, "plagi moja haichomi."

Lakini jambo ninalotaka hasa kulisimulia ni la breki.

Ilikuwa Jumamosi. Mke wangu alikuwa kwenye maziko Temeke na wapangaji wote walikuwa kwenye shughuli zao. Nilikuwa nimemaliza kufunga mabomba ya breki, na ilibaki kutoa upepo. Kazi hiyo ni ya watu wawili: mmoja anakanyaga pedali, mwingine yuko chini kwenye gurudumu, analegeza skrubu ndogo mafuta yatoke na upepo, kisha anaikaza. Mimi nilitaka kuifanya peke yangu. Nikakandamiza pedali kwa mti wa ufagio, nikauegemeza kwenye kiti, nikaenda chini. Mti ukachomoka. Nikarudi, nikaongeza tofali. Tofali likaanguka. Mama alikuwa kibarazani, anachambua mchicha. Safari ya nne niliposimama, nilimwona amenyanyuka. Alivua ndala, akajifunga kanga kiunoni kwa nguvu, akapanda kwenye kiti cha dereva kana kwamba alishuka jana tu.

"Mama, usijisumbue," nikasema. Nadhani hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyomwambia ambayo hayakuwa salamu.

"Nenda gurudumu la nyuma kushoto. Ndilo la mbali, tunaanzia huko. Nikisema nimekanyaga, legeza. Nikisema kaza, kaza papo hapo, kabla sijaachia mguu. Ukichelewa upepo unarudi, tunaanza upya. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama."

"Basi lala chini."

Nikalala chali kwenye vumbi, mkwe mzima, miguu nje.

"Nimekanyaga!"

"Nimelegeza!"

"Kaza!"

"Nimekaza!"

Tukaenda hivyo gurudumu baada ya gurudumu. Mwanzoni nilijibu kwa sauti ya adabu, kama niliye kanisani. Tulipofika gurudumu la tatu nilikuwa napiga kelele kama kondakta. Kwenye la nne, la mbele upande wake, nilichanganyikiwa, nikalegeza badala ya kukaza, na mafuta yakanirukia usoni na mdomoni. Nikatema, nikapiga ukelele wa Kichaga ambao sitautafsiri.

Nikawaza, basi, nimeharibu. Kisha nikaona kiti kinatikisika. Mama mkwe alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akaegemea usukani, na honi, ambayo tangu tulinunue gari haikuwahi kulia, ikalia. Hapo nami nikashindwa. Nikacheka nikiwa palepale chini, machozi na mafuta ya breki vimechanganyika.

Alishuka akaniletea kopo la maji na kipande cha sabuni. "Nawa uso, yanaunguza hayo," akasema. "Ila una mkono mzuri, mkwe wangu. Masikio ndiyo mazito." Akakaa kwenye tofali, akanisimulia jinsi alivyofundishwa kazi hiyohiyo na sajini mmoja aliyekuwa akiwamwagia maji wakikosea. Alisimulia mengine mengi. Mke wangu aliporudi kutoka msibani alitukuta bado tunaongea, akasimama langoni na mkoba begani, hajui aingie au arudi.

"Leo hamnihitaji?" akauliza.

"Pika chai," mama akamwambia.

Lilibaki suala la rangi. Mimi nilitaka kijani kilekile cha kambini. Mama alikataa katakata: rangi ya jeshi ni ya jeshi, raia hajipaki. Siku ya pili yake alikuja mwenyewe dukani kwangu Kariakoo, mara yake ya kwanza, akapita katikati ya wachukuzi na mikokoteni, akachambua ndoo zangu mpaka akapata moja ya samawati. "Hii," akasema. Nikaibeba ndoo mpaka kwa wachanganya rangi.

Halafu akatoa sharti jingine. Leseni yake ilikufa zamani, na haendeshi bila leseni. Akajiandikisha shule ya udereva, akakaa darasani na vijana waliomwita bibi. Mwalimu wake aliniambia kuwa siku ya kwanza alimwonyesha giya, siku ya pili akanyamaza, siku ya tatu yeye mwalimu akamwomba mama amfundishe kupunguza giya mlimani bila gari kushtuka.

Tulitoka Jumapili asubuhi, Kariakoo ikiwa bado haijajaa. Mama kwenye usukani, miwani puani, mimi pembeni, mke wangu na watoto wetu wawili nyuma chini ya turubai jipya. Tukashika barabara ya Uhuru, tukakata Msimbazi, injini inaunguruma mpaka wenye meza za matunda wakawa wanageuka. Mtu mmoja akapiga saluti. Mama akaijibu, mkono mmoja, bila kucheka.

Karibu na Jangwani askari wa barabarani akatusimamisha. Akalizunguka gari, akaangalia taa, akaja dirishani, na alipomwona dereva akasahau aliloliandaa.

"Shikamoo mama. Mzee huyu," akaugonga mlango wa gari, "bado ana breki kweli?"

"Marahaba," mama akasema. "Muulize mkwe wangu. Breki kazifunga yeye."

Askari akaniangalia. Nikasema zinashika. Nikajinyoosha kwenye kiti, na nyuma ya turubai nilimsikia mke wangu anacheka. Askari akaturuhusu kwa mkono. Mama akakanyaga klachi, akatia giya, akaniambia nikae vizuri, maana mbele kuna matuta.